Rula ya Tata Symphorien

Nilikaa siku tatu katika ukumbi wa parokia nikijifunza kuuza unga, kazi ambayo nimeifanya miaka kumi na tisa. Cheti ninacho. Nimekitundika juu ya magunia, mahali ambapo panya hawafiki.

Mwalimu wetu alikuwa Tata Symphorien, mtu wa viatu vya kung'aa, aliyetumwa na shirika fulani kuwafundisha wafanyabiashara wadogo wa Kapata. Siku ya kwanza alisema kila mmoja awe na lengo. Mimi nilikuja nalo: goti. Kila wiki nilikuwa naenda soko la mjini, nabeba gunia kichwani kutoka ghalani hadi barabarani, na goti langu la kushoto lilikuwa limechoka na habari hizo. Sasa Tata Mwenze, anayeleta unga kwa lori kutoka Sandoa, alikuwa anatafuta mtu mmoja wa Kapata wa kumshushia mzigo mlangoni, awauzie wengine. Angekuja kuchagua siku ya posho, yaani Jumamosi iliyofuata. Mtaani kwetu wauza unga tulikuwa wawili: mimi, na Mama Josée wa ng'ambo ya njia. Nililitaka lori lile kuliko nilivyotaka kuolewa, na kuolewa nilikutaka sana.

Siku ya tatu Tata Symphorien alichukua meka, kopo letu la kupimia, akalijaza unga mpaka ukafanya kilima. Halafu akaongeza kiganja kimoja juu, kama tunavyofanya sote.

"Hii njo nini?"

"Matabish," tukajibu.

"Ya nani?"

"Ya bakiliya," yaani wateja wetu.

"Basi matabish njo inakula biashara yenu, bamama."

Akatoa rula, akakata kilima, unga ukalala sawa na mdomo wa kopo. Kila mtu akapewa rula yake, ya plastiki, yenye jina la shirika. Niliona ni jambo la akili kabisa. Mama Josée hakuja kwenye mafunzo. Alisema eti ana wateja. Nilimhurumia.

Jumatatu mteja wangu wa kwanza alikuwa Mama Annie, mke wa katekista. Nikajaza meka, nikapitisha rula, nikamimina. Aliendelea kushika mfuko wazi.

"Mama Annie, imeisha."

"Imeisha namna gani? Matabish iko wapi?"

"Haina tena."

Akashusha sauti. "Pole, mama. Kwenu nani amekufa?"

Kesho yake Kapata nzima ilijua kwamba nimefiwa. Mama wanne walikuja kunifariji. Walikunywa chai yangu, wakaniombea, na wakati wa kurudi wakanunua unga kwa Mama Josée ili wasinisumbue. Ijumaa gunia la Jumatatu lilikuwa bado limesimama pale pale, nami nilikuwa na hasira na kila mtu, hasa wale walioniombea.

Tata Mwenze alifika Jumamosi asubuhi. Lori likasimama katikati ya njia. Alianza kwangu kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Nikampa kiti, nikamwonyesha cheti, akakisoma chote mpaka muhuri. Alipokuwa bado anasoma, akaingia Tata Symphorien mwenyewe na mfuko mkononi. Moyo wangu ulifurahi. Shahidi bora kuliko huyo ningempata wapi?

"Mama Rachelle, unipatie bunga meka moja."

Nikajaza. Nikapitisha rula vizuri, polepole, Tata Mwenze aone. Nikamimina. Tata Symphorien akaendelea kushika mfuko wazi.

"Tata, imeisha."

"Na matabish, mama?"

Nikainua rula.

"Ile ilikuwa ya kufundisha," akasema kwa upole. "Hii ni ya kula. Bibi yangu ataniuliza."

Ningeweza kumwongezea. Kiganja kimoja tu. Lakini wiki nzima nilikuwa nimewanyima watu wa heshima, na sikuona sababu ya kumpa yeye. Akarudisha unga wangu kwenye beseni, akaomba radhi, akavuka njia. Mama Josée alimpandishia kilima, akaongeza kiganja, halafu kingine kwa sababu alikuwa mgeni.

Tata Mwenze akanirudishia cheti kwa mikono miwili.

"Mama, karatasi yako ni muzuri sana," akasema, akaenda kumwambia dereva ageuze lori upande wa ng'ambo.

Nililia nyuma ya magunia. Sioni haya kusema.

Wiki tatu baadaye unga ukaniishia. Nikavuka njia, hatua kumi na nne, nimekaza uso. Mama Josée alinichagulia gunia, tukalivuta pamoja hadi kwenye kizingiti chake. Kisha akachukua meka, akalijaza mpaka likafanya kilima.

"Mama Rachelle, leta mufuko."

"Ya nini?"

"Matabish. Weye si mukiliya?"

Goti lilikuwa halijaniuma tangu asubuhi. Nilitaka kukataa, maana nina kiburi, kila mtu Kapata anajua. Nikafungua mfuko. Akamimina, akaweka meka chini.

Nikaendelea kushika mfuko wazi.