Anayekatwa Hana Uso

Hebu niambie, wewe ukikaa mbele ya filamu ya samurai, macho yako yanamfuata nani? Usinidanganye. Unamfuata steringi, kama watu wote. Amezungukwa na watu ishirini wenye panga, naye anapita katikati yao kama mtu anayefukuza nzi, na punde amebaki peke yake, anafuta upanga. Steringi hafi, hilo hata mtoto analijua, na ndiyo raha yenyewe. Lakini wale ishirini, umewahi kumtazama hata mmoja?

Mimi mmoja wao alinioa.

Mume wangu, Nezu Isokichi, alifanya kazi ya kukatwa kwa miaka arobaini na mmoja katika studio za hapa kwetu Uzumasa. Mimi nilikuwa fundi wa nywele za bandia katika studio hiyohiyo. Asubuhi nilimfunika kichwa kwa kitambaa chembamba cha hariri, nikabandika ukingo wake kwenye paji la uso mpaka mstari usionekane, nikapaka rangi, kisha nikamvika nywele za mlinzi wa bwana fulani. Saa nne amekufa. Anarudi kwangu, namvua, namvika za mcheza kamari. Saa nane amekufa tena. Kuna filamu moja alikufa mara tano na hakuna aliyegundua, kwa sababu ya sheria yao: anayekatwa hana uso. Upanga ukikupata, unageuka, mgongo kwa kamera, unaanguka pembeni usije ukamziba steringi. Isokichi alifundishwa sheria hiyo kwa fimbo. Kila uso ulipoelekea kamera, kichwa kilitoka nundu.

"Yule anayekata hajui kitu," aliniambia kabla hatujaoana. "Sisi ndio tunaoufuata upanga wake. Tukifa vizuri, yeye anaonekana hodari."

"Na wewe mwenyewe unataka nini?"

"Mimi? Sitaki kitu."

Jibu hilo nililisikia maisha yangu yote. Ukimuuliza chakula, hataki kitu. Ukimuuliza zawadi ya mwaka mpya, hataki kitu.

Mwaka ule studio ilipoanza kuuza farasi wake kwa kukosa kazi, Isokichi alikuwa amekwisha kuanza kukohoa. Daktari alituonyesha picha ya mapafu, akagusa sehemu mbili kwa ncha ya penseli. Basi siku moja mwongozaji Makabe, ambaye tulimjua tangu akivuta nyaya za taa, akaja chumbani kwangu akakalia sanduku la nywele.

"Mama Nezu, mzee yuko wapi?"

"Nje, anakohoa. Na wewe shuka hapo, umezikalia nywele za bibi harusi."

Akashuka mbio. "Filamu hii nadhani ni ya mwisho. Nataka mzee akatwe mwisho kabisa. Uso wote, karibu. Na aseme sentensi moja."

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: "Kumbe theluji si baridi." Isokichi aliisema mwezi mzima. Aliisema bafuni, aliziambia figili alizokuwa akizimenya. Binti yetu Kayo akija kututembelea anamtania: "Baba, kunywa supu, kumbe ni baridi!" Naye anacheka mpaka kikohozi kinamkamata. Sikuwahi kumwona akitaka jambo namna ile, ingawa hakusema kwamba analitaka.

Theluji ya kwetu haikai. Ilianguka alfajiri moja ya Februari, Makabe akapiga simu nyumba hadi nyumba, saa moja asubuhi wote tuko uani kwenye hekalu la mbao na plasta. Ua mweupe, hakuna hata alama ya paka.

"Ni mara moja tu," Makabe akasema. "Tukishaukanyaga, basi. Saa tano hapa ni tope."

Steringi alikuwa kijana Hayase, mwimbaji kutoka Tokyo. Akamwendea Isokichi. "Mwalimu, nikikukata vibaya je?"

"Wewe pitisha tu upanga," Isokichi akamjibu. "Mimi nitaufuata."

Ule ukingo wa hariri nilikuwa nimeuhangaikia saa nzima. Nilimwachia nywele tatu zilegee juu ya sikio, maana uso wa karibu hupenda kitu kidogo cha kutazama. "Leo uso huu ni wako," nilimwambia. Alikuwa akivuta pumzi kama mtu anayenyonya kwa mrija.

Nikasimama nyuma ya kamera, kitana mkononi. Wakaanguka watu kumi na mmoja. Akabaki yeye. Hayase akachelewa, upanga ukaja umepinda, na Isokichi akasogea nusu hatua akauingia, ukaonekana umenyooka kama uzi. Kisha mwili wake ukafanya ulichofundishwa. Ukageuka.

Nikaona kisogo. Nikaona fundo nililolifunga mimi mwenyewe. Akaanguka pembeni, kwa adabu, uso ukutani, na huko ukutani ndiko alikoisema sentensi yake.

Makabe alikawia sana kusema kamera isimame.

"Mwalimu, safi kabisa!" Hayase akapiga makofi.

Isokichi akainuka. Akaitazama kamera ilipo, kisha akanitazama mimi, kama mtu aliyeshuka kwenye treni na kukumbuka mzigo wake umebaki ndani.

"Irudiwe," nikasema. Mimi, ambaye sijawahi kufungua mdomo mbele ya kamera.

Makabe akatazama theluji. Nyayo kila mahali, na rangi nyekundu ya damu ya bandia. "Mama Nezu…"

"Imetosha," Isokichi akasema. "Imetoka vizuri."

Mwezi wa kumi tulikwenda kuitazama sinemani, mimi, yeye na Kayo, na matonge yetu ya wali. Nyuma yetu kulikuwa na bwana mmoja akitafuna ngisi mkavu. Panga zilipoanza, ukumbi mzima ulishusha pumzi pamoja, hata mimi, nakiri. Halafu ukapita ule mgongo. Sentensi walikuwa wameiondoa.

"Huyo wa mwisho kaanguka vizuri," bwana yule akasema. "Nani huyo?"

"Acha hizo," mkewe akamkemea. "Mwangalie Hayase!"

Kayo akainamisha kichwa. Isokichi akaendelea kula tonge lake, punje moja moja.

Kufika Machi daktari alikuwa amemrudisha nyumbani, dawa zimeshindwa. Alilala ameelekea ukuta, usiku na mchana, mgongo kwetu. Asubuhi moja nilikuwa nikimfuta mgongo huo kwa kitambaa cha maji moto, mbavu zinahesabika.

"Baba," nikamwambia, "geuka basi. Hapa hakuna kamera."

Hakugeuka. Nadhani hakuweza tena. Nikasuuza kitambaa, nikakamua, nikaanza upya mabegani.

"Unataka nini? Chai? Nifungue dirisha?"

Kisha akauambia ukuta, polepole, nami nikainama kusikia:

"Nilitaka kubaki nimesimama, mama. Mara moja tu. Wao wote waanguke, halafu mimi nisimame."