Siku Ngapi kwa Kiajemi

Bi Futi, fundi cherehani, hakuwahi kukosea kipimo cha nguo ya mtu, lakini hesabu za Kiajemi zilimtoa jasho. Mkwewe, mama wa mke wa mwanawe, alikuwa amekuja kumchukua mjukuu akakae kwao kidogo, na kidogo chenyewe hakikujulikana ni kiasi gani. Mgeni huyo hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Wazazi walikuwa safarini kikazi, wakasema mabibi wakubaliane wenyewe. Na mtoto, ingawa alijua lugha zote mbili, angetafsirije kesi yake mwenyewe?

Basi Bi Futi akamwendea mfamasia wa jirani, aliyesomea Uajemi.

"Siku ngapi ni chand ruz," mfamasia akamwambia. "Ruz ni siku."

"Na zikiwa nyingi?"

"Ruz hiyohiyo. Ukishataja idadi, jina halibadiliki. Ukihesabu vitu unatia ta, ukihesabu watu unatia nafar."

"Mwanangu, yaani mtu ni mtu tu, hata wakijaa uwanja?"

"Ndiyo, mama."

"Makubwa!"

Alirudi kichwa kikimzunguka. Alikanyaga cherehani huku akinong'ona, ta, nafar, ruz, mpaka akashona mkono wa shati kwenye shingo.

Jioni alimkuta mkwewe akifunga sanduku la mtoto. Akajikaza. "Chand ruz?"

Lo, ilitoka safi! Mkwewe akafurahi, akamshika mikono, akaporomosha Kiajemi bila kituo. Hapo ndipo Bi Futi alipotambua kwamba alijifunza kuuliza, hakujifunza kujibiwa. Alinasa do, yaani mbili, kisha neno asilolijua, sal. Mbili za nini, Mungu wangu? Aibu ikamzidi. Akaitikia kwa kichwa, tena na tena, akichekacheka tu. Mkwewe akambusu mashavu yote mawili.

Mjukuu alikuwa amesimama mlangoni.

"Bibi, miaka miwili? Na wewe umekubali? Umenichoka?"

Bi Futi aliumia moyo. Alitafuta neno la kukataa asilipate, maana somo halikufika huko. Akamvuta mtoto, akaketi juu ya sanduku kwa uzito wake wote, akampakata, akamkazia mkwewe macho.

Mkwewe alisimama na ufunguo wa sanduku mkononi, akiwatazama. Kisha akamwekea Bi Futi ufunguo kiganjani, na yeye mwenyewe mgeni akaanza kulia.