Kigari Kilichoipita Pikipiki

Haya nitakayoyasimulia ni kweli tupu, sijaongeza chumvi wala sukari. Atakayenikuta nimeongeza, anishike shati hadharani.

Binti yangu wa mwisho ni mkimbiaji. Si wa kulipwa; kazi yake ni kupima watu macho, na macho yake mwenyewe ndiyo yaliyoniponza, mtaona. Mwaka jana alijiandikisha mbio za wanawake za kilomita kumi, zikamkuta na tumbo la miezi minane. Akazitazama amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya barabara, anakula machungwa kwa hasira. Mwaka huu zimebaki wiki kumi na anataka kurudi. Ila mtoto amwachie nani alfajiri, akienda mazoezini? Mumewe yuko kwenye ujenzi wa barabara, huonekana nyumbani mara mbili kwa mwezi. Mke wangu magoti yamemgomea. Na mimi, kwa maneno yao wala si yangu, nikilala ni gogo.

Dawa ikaonekana ni kigari cha mtoto, kile cha kukimbilia: mama anakimbia nyuma, mtoto yuko mbele anatazama dunia. Mjukuu wangu, tunamwita Kibonge, ana miezi tisa na kilo tisa. Shingo na mgongo vimekaza, na nesi wa kliniki ameshatoa ruhusa.

"Baba," binti yangu akaniambia, "wewe umesukuma magurudumu maisha yako yote. Nenda ukanichagulie. Lakini kabla hujakichukua, kimbia nacho. Usitembee, kimbia. Humo atakaa mwanangu."

Kusukuma nimesukuma kweli. Miaka thelathini na moja nilikuwa mtu wa matoroli ya nguo hospitalini: mashuka machafu kwenda kufuliwa, masafi kurudi wodini. Kule tulikuwa na kipimo kimoja tu, kipimo cha kidole. Toroli likikata kona kwa kusukumwa na kidole kimoja, ni zima. Likigoma, linapelekwa kwa fundi.

Dukani nikampata muuzaji, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Alinitolea vigari viwili vya magurudumu matatu. Nikaweka kidole: vyote vikagoma kugeuka. Vibovu hivi, nikasema moyoni. Pembeni nikaona cha tatu, cha buluu, kina hadi mahali pa kuwekea kikombe. Nikakigusa tu, kikazunguka kama bibi harusi anayeonyesha gauni.

"Hiki," nikasema.

"Mzee, hicho ni cha kutembelea sokoni. Hivi viwili gurudumu la mbele limefungwa kwa pini makusudi, lisigeukegeuke mtu anapokimbia."

"Mama, mimi nilianza kusukuma wewe hujaota meno."

"Sawa. Basi zunguka navyo hapo uani, mbio mbio, ujionee."

"Nimeshajionea kwa kidole."

Akavaa miwani, akakitazama kidole changu, akaivua. "Una siku saba za kukirudisha, kama hakijachakaa."

Nikaondoka nacho mdogo mdogo. Njiani nikakaa kibanda cha chai saa nzima, kisha nikaingia nyumbani na tikiti maji limefungwa mikanda kwenye kiti.

"Umekimbia nacho?" binti yangu akauliza.

Hapo ningesema hapana, hadithi ingekwisha. Lakini mdomo wangu haujawahi kuniomba ruhusa.

"Kilomita kumi," nikasema.

Mke wangu, aliyekuwa anachagua mchele kwenye sinia, akainua kichwa.

"Nilipakia kilo tisa za unga, mahali pa Kibonge," nikaendelea. "Kwenye mteremko kikanichomoka. Kikaipita pikipiki. Mwenye pikipiki akapunguza mwendo, akavua kofia. Mbwa waliokuwa wanabweka wakanyamaza kwa heshima. Nilipokikamata kule chini, unga ulikuwa umejichekecha wenyewe, chenga huku, laini kule."

"Na unga wenyewe uko wapi?" mke wangu akauliza.

"Nimewagawia waliokuwa wananishangilia."

"Apa."

"Naapa. Kama nimeongopa, nitakimbia na huyu binti kila alfajiri mpaka siku ya mbio zake."

Binti yangu hakuwa anacheka. Alikuwa amepiga magoti, amekilaza kigari chali, na yale macho yake yako kwenye tairi.

"Baba, hivi ni nini?"

Tairi zile, kama nyingi zikiwa mpya, zilikuwa na vinywele vyembamba vya mpira. Vilikuwa vimesimama vyote, kama nywele za mtu aliyetoka kitandani sasa hivi.

"Vinywele," nikajibu.

"Kilomita kumi, na hakuna hata kimoja kilicholala?"

"Nilikimbia kwa upole."

Mke wangu akaweka sinia chini, akaingia jikoni, akatoka na mfuko wa unga ambao haujawahi kugawiwa mtu. Akaufunga mikanda kwenye kiti. Tukatoka mbele ya nyumba, binti yangu akaanza kukimbia.

Hatua kumi za kwanza nikapata matumaini. Ya kumi na moja, gurudumu la mbele likaanza kutetemeka, kisha likacheza kushoto kulia, kushoto kulia. Likagonga kijiwe, likageuka ghafla, na kigari kikalala ubavu kwenye nyasi. Mikanda ilishika. Mfuko ulipasuka pembe ya juu.

Pembe ya juu ndipo kingekuwa kichwa cha Kibonge. Binti yangu alisimama anahema, viatu vyeupe kwa unga. Nikatafuta utani wa kusema, kwa mara ya kwanza nikakosa.

"Nilikuomba kitu kimoja," akasema taratibu.

"Najua, mwanangu."

"Ungesema tu hukukimbia. Ningekwenda mwenyewe."

"Najua."

Nikatumia jioni yote kuutoa unga kwenye magurudumu kwa mswaki. Mswaki ulikuwa wangu. Mke wangu alilisimamia hilo.

Kesho yake tukaenda dukani wote watatu, mimi, binti yangu na Kibonge. Binti yangu alimweleza muuzaji kila kitu, hadi habari za unga. Yule mama akavaa miwani, akakagua tairi.

"Hakijachakaa. Hiki hakijakimbia kabisa."

"Zaidi ya hatua kumi na moja, hapana," binti yangu akajibu.

Nikasema basi uvivu wangu ndio uliotuokoa. Hakuna aliyenishukuru.

Muuzaji akapakia chupa tisa za maji, za lita moja moja, kwenye kile cha kwanza. "Haya, mzee. Uani."

Nikakimbia. Magurudumu yake ni madogo, ya plastiki ngumu. Meno yangu yaligongana na maji yakatoa povu. Nikahamia cha pili: tairi za kujaza upepo, springi chini ya kiti, breki ya mkono kwenye mpini, na mkanda wa kujifunga mkononi ili kisikuchomoke mteremkoni. Kwenye kona unabonyeza mpini kidogo, pua inainuka, unageuka. Kwingine kote kilinyooka kama reli. Kibonge, kwenye mapaja ya mama yake, alinipigia makofi kila mzunguko.

"Hiki," nikasema, nimeshika ukuta.

"Kwa kidole?" binti yangu akauliza.

"Kwa miguu."

Akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu jana. Kisha akasema, "Alfajiri, Baba. Uliapa."

Hii ni wiki ya tatu. Kibonge anatangulia, mama yake anamsukuma, mimi nafuata nimebeba maji. Tukirudi, mke wangu ananisimamisha mlangoni niinue mguu, akague soli.

Leo nimekimbia kilomita sita na nusu, nikaipita pikipiki. Binti yangu, anayesoma nyuma ya bega langu ninavyoandika haya, anasema ni mbili, na pikipiki ilikuwa imeegeshwa. Basi ni mbili. Miguu iko kwenye beseni la maji ya moto, na saa ya kengele nimeshaitega saa kumi na moja na nusu.