Neno la Siri la Bwana Shikanga

Phoebe hakumheshimu Bwana Shikanga hata chembe, na mimi simlaumu. Mtu huyo alikuwa msajili wa chuo kidogo cha ufundi mjini Kakamega, na tangu chuo kinunue kompyuta, mwaka wa tisini na nane, alitembea kifua mbele kana kwamba ameiunda yeye. Kuiwasha kwenyewe hakujua. Kazi yote aliifanya Phoebe, karani wake. Ya bwana mkubwa ilikuwa kuandika neno la siri kila asubuhi. Alimtoa Phoebe nje, akafunika kibodi kwa koti, akazitafuta herufi kwa kidole kimoja, mdono mmoja mmoja, kama kuku kwenye mtama. Phoebe mlangoni alihesabu midono mitano, mwaka mzima.

Ukutani, mahali pa kalenda, Shikanga alitundika picha ya fahali wake wa mapigano. Jumatatu zote ziliharibika kwa habari za fahali huyo.

Siku moja Phoebe alimletea disketi kutoka kwa Philip, mwalimu wa kompyuta pale mjini. Ndani mlikuwa na programu ya kutunza maneno ya siri: inakubunia neno gumu, inakuwekea, nawe unabaki na ufunguo mmoja tu. Ilikuwa ya bure, na maandishi yake ya ndani yaliachwa wazi, asome atakaye.

"Wazi?" Shikanga alicheka hadi tumbo likatikisika. "Binti, kufuli gani hiyo ambayo kila mwizi ameshaona matumbo yake?"

"Kufuli nzuri, mzee, hata fundi akikuonyesha ilivyoundwa, bila ufunguo hufungui."

"Nenda kachape barua." Akaitupa disketi kwenye droo, kati ya maganda ya njugu. Debe tupu lile.

Mwezi wa pili, orodha ya wanafunzi wapya ikabadilika. Wawili waliofaulu walitoweka, wakaingia wawili wa Malinya, kijijini kwa Shikanga, wasiojua hata kushika nyundo. Shikanga hakupepesa macho. Aliiambia bodi kwamba neno la siri analijua yeye na Mungu wake, kwa hiyo aliyeharibu ni Phoebe na disketi yake ya wezi.

Phoebe akaitwa mbele ya bodi afutwe kazi. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake kule Mukumu, na karani aliyefutwa kwa udanganyifu nani atamwajiri tena? Aliogopa, sikatai. Lakini dharau ilikuwa kubwa kuliko hofu.

Kikao kilifanyika ofisini kwa Shikanga, kompyuta mezani. Chrispinus, mtunza stoo na mpwa wa Shikanga, aliketi pembeni kama shahidi. Mzee Lusweti, mwenyekiti, akauliza kama Phoebe ana la kusema.

Phoebe alimgeukia Cherono, mpishi, aliyekuwa anaingia na birika.

"Cherono, fahali wa Bwana Shikanga anaitwaje?"

"Skadi," Cherono akasema huku akimimina chai. "Si wanamwimbanga Malinya kila Jumamosi, na ngoma za isukuti juu? Hata mimi Mnandi najuanga."

Phoebe akainama, akabonyeza herufi tano. Orodha ikafunguka, kwa jina ambalo hata mpishi alilijua.

Wanabodi waliitazama kompyuta, wakaitazama picha ukutani, kisha wakamtazama Chrispinus, kwa sababu Kakamega nzima ilijua nani hushika kamba ya Skadi uwanjani. Chrispinus akakumbuka kwamba hakufunga stoo, akatoka.

"Nani alikuambia?" Shikanga aliuliza.

"Wewe, mzee. Kwa ngoma."

Lusweti alichukua barua ya kumfuta Phoebe kazi, akaichana vipande viwili bila haraka. Kisha akauliza ile disketi iko wapi.

Phoebe alivuta droo ya bwana mkubwa mbele yao wote, akaitoa, akaikung'uta maganda ya njugu.