Ngazi Waliyoiita Daktari

Darasa la asubuhi la akina mama watu wazima lilikuwa na foleni yake, na wala haikuwa ya bafuni. Ilikuwa foleni ya ngazi. Ngazi ya chuma, upande wa maji mafupi, ambayo ukiishika ukiwa ndani ya maji inakutekenya mkono mpaka kwenye kiwiko. Wenyewe waliiita Daktari. Mmoja anashika, anafumba macho, anatulia kidogo, kisha anasogea pembeni na kulikunja goti lake na kulikunjua mbele ya wenzake. "Mnaona? Jana lilikuwa linalia kama mlango mbovu!" Halafu anafuata mwingine. Na ole wako uruke foleni, utasemwa mpaka ujute kuzaliwa.

Unacheka? Hata mwalimu wao alikuwa anacheka. Alikuwa mwalimu wa kuogelea mwenye vyeti vyake, si mtu wa kubabaishwa na ngazi. Lakini yeye alifundishia ukingoni, miguuni ana ndala za mpira, na kila alipoigusa ile ngazi kwa udadisi hakusikia kitu. Akaona ni watu wazima wanatiana moyo, basi. Tena kiongozi wa foleni alikuwa mama yake mzazi, na hapo ndipo akili yake ilipolala usingizi.

Maana mama huyu, tangu afiwe na mumewe, alikuwa amejifungia chumbani. Chakula anakidokoa, pazia halifunguliwi, ukimwamkia anaitikia kwa mbali. Binti alibembeleza, akanuna, akalia, mwisho akamkokota bwawani karibu kwa nguvu. Na sasa, jamani, mama anaamka kabla ya jua, anachagua kofia ya kuogelea kama anayekwenda harusini, anapiga domo na wenzake, anacheka mpaka anakohoa. Wewe ungekuwa mwanawe, ungeanza kuuliza ngazi inatekenya kwa nini? Ungemshukuru Mungu ukanyamaza. Naye alinyamaza.

Asubuhi moja mama mmojawapo akabanwa na msuli wa mguu katikati ya zoezi. Mwalimu akavua ndala, akashuka kwenye vidato vya saruji, akamkokota mpaka ukingoni, na katika kujiegemeza akaishika ile ngazi.

Weee! Hapakuwa na kutekenywa hapo. Alipigwa mpaka begani, vidole vikataka kujikunja vyenyewe, akajing'oa kwa kujirusha nyuma. Moyo ulimwenda mbio, na katika yale mapigo akakumbuka kila alichofundishwa kuhusu umeme na maji.

"Wote mbali na ngazi! Msiguse chuma chochote! Tokeni kwa vidato vya saruji!" Akageukia chumba cha mitambo, ambako mhudumu waliyemwita Pampu alikuwa ameketi mlangoni na redio yake. "Pampu! Zima umeme! Swichi kubwa, zima kila kitu!"

Pampu akaruka ndani. Akina mama wakaanza kusogea, wengine wakinung'unika. Ila mmoja hakusogea, na unamjua ni nani.

"Zamu yangu bado," akasema mama yake, mkono tayari umenyooka. Ulibaki upana wa kiganja.

"Mama, acha."

"Mara moja tu. Goti limeniamkia vibaya leo."

"Mama, nimesema acha! Huna masikio wewe?"

Vichwa vyote vikageuka. Mtu kumpigia mama yake ukelele wa namna ile, tena mbele ya wenzake, lilikuwa jambo lisilopata kuonekana pale. Mkono wa mama ukaning'inia hewani, kisha ukaanguka majini. Akampa binti yake mgongo, akatoka kwa vidato vya saruji kichwa kikiwa juu, akachukua taulo lake na kuondoka bila kuaga mtu.

Fundi umeme alipofika hakuchukua muda. Mota ya pampu ilikuwa inavujisha umeme. Waya wa ardhi, ambao ungeupeleka chini salama, ulikuwa umeliwa na dawa ya maji mpaka ukakatika, kwa hiyo umeme ukajitafutia njia kwenye vyuma vya bwawani. Hata hivyo ilikuwepo swichi ya kinga, ile inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Fundi alipoifungua akaguna. Ilikuwa imerukwa, nyaya zimeungwa moja kwa moja.

"Ni mimi," Pampu akasema, jasho likimtoka. "Ilikuwa inajikata kila saa. Pampu inasimama, maji yanachafuka, akina mama wananisema. Nikaona swichi ni mbovu."

"Haikuwa mbovu, ndugu yangu," fundi akasema kwa upole. "Ndiyo ilikuwa inafanya kazi. Na umeme huu hauongezeki kwa adabu. Leo unatekenya, kesho unamkamata mtu hawezi kuachia."

Pampu akakaa juu ya ndoo, uso mikononi. Aliwapenda wale mama, na kosa lake lote lilitokana na kutaka wasipate taabu. Mwalimu alikuwa amejiandaa kumtolea uvivu, lakini akajikumbuka mwenyewe. Pampu aliambiwa na swichi. Yeye aliambiwa na watu, kwa vinywa vyao, kila asubuhi, na akacheka.

Jioni alimkuta mama yake ameketi kitandani, chakula kinachemka jikoni bila mwangalizi.

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Kwa sauti niliyokupigia. Kwa kufunga bwawa, hapana."

"Mbele ya wenzangu," mama akasema. "Kama kitoto kilichoiba sukari."

"Nisamehe. Fundi anasema ingemkamata mtu asiweze kuachia."

Mama akachezea pindo la shuka.

"Ilishanikamata."

"Ilikukamata? Lini?"

"Wiki iliyopita. Vidole vilijikunja, nataka kuachia vinakataa. Mguu ukateleza, nikazama, ndipo nikachomoka."

"Na kesho yake ukapanga foleni tena! Mama, ulitaka kufa?"

"Kufa sikutaka, usinitolee macho." Akashusha sauti, kama anayeona aibu. "Baba yako alikuwa na mkono wa kubana. Tukivuka barabara ananibana mpaka pete inaniumiza, namgombeza. Tangu tumzike, kila mtu ananishika mkono kama anapokea yai. Hata wewe. Ile ngazi ilinibana sawasawa."

Mwalimu alikuwa amejisifu moyoni kwamba amemtoa mama yake chumbani, na kweli alimtoa, akamfikisha majini, kisha akabaki ukingoni anampigia filimbi. Hofu ilimpanda upya, kubwa kuliko ya asubuhi, kwa kuwa hii fundi asingeweza kuizima. Akaketi kando yake, akamshika mkono.

"Sasa hiyo ndiyo nini?" mama akasema. "Kaza."

Akakaza.

"Kaza, bwana!"

Akabana mpaka vifundo vyake mwenyewe vikamuuma, machozi yanamtiririka bila haya, na mama naye akabana, wala hakusema basi. Harufu ya chakula kinachoungua ikawafikia kutoka jikoni, na hakuna aliyeinuka.