Mkimbiaji wa Mwisho Humaliza Jagi

Kiberiti alitoka chooni kwa mara ya tatu, na mazoezi ya asubuhi ndiyo kwanza yameisha. Alikaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, akasimama, akakaa tena. Tumbo lilikuwa limejaa upepo na linanguruma kama mtu anayeburuta meza ghorofani. Kesho ni mashindano ya vyuo, na yeye ndiye aliyepangwa kukimbia wa mwisho katika mbio za kupokezana vijiti. Jioni kocha angewapima mara ya mwisho. Akilegalega tena, kama alivyolegalega tangu apewe nafasi hiyo, basi kwaheri.

"Woga tu huo," kocha alikuwa amemwambia asubuhi ile, mbele ya wenzake. "Miguu unayo, moyo ndio huna."

Zamani, alipokuwa akikimbia zamu ya kwanza, hakuna aliyemwita mwoga. Walimpa jina la Kiberiti kwa sababu aliguswa tu akawaka.

Timu yao ilikuwa na desturi. Kabla ya kila mazoezi kocha alikoroga unga wa protini kwenye jagi kubwa la plastiki, na wasichana wanne wakanywa kwa zamu ile ile ya kukimbia. Wa kwanza alipiga mafunda yake, akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu. Wa mwisho alimaliza mpaka chini, ambako unga ulituama mzito kama uji, maana kocha hakuwa na subira ya kukoroga. Kumaliza jagi ilikuwa heshima. Kiberiti aliingojea mwaka mzima, na alipoipata aliligugumia jagi kwa fahari na midomo akalamba.

"Umeingia huko mara ngapi?" aliuliza Bibi, akifungua kamba za viatu. Alikuwa mkubwa wao, na walimpa jina hilo kwa jinsi alivyolalamikia magoti. Msimu uliopita yeye ndiye aliyekimbia wa mwisho, kisha akaomba mwenyewe kuwa wa tatu.

"Niache, dada."

"Nauliza tu, mdogo wangu."

"Naogopa, basi. Umefurahi?"

Bibi aliziacha kamba. "Linajaa kwanza, halafu linakata hapa, chini ya kitovu?"

Kiberiti alimkazia macho.

"Mimi nilimwambia kocha nimechoka," Bibi alisema. "Niliona haya kusema naogopa mpaka naharisha. Nilipokuwa wa tatu, likatulia."

"Kwani ukiwa wa tatu huogopi?"

"Naogopa kuliko wewe."

Wote wawili wakageuka kulitazama jagi kwenye beseni la kunawia, utando mweupe umeganda chini.

"Unga ule ni wa nini?" Kiberiti aliuliza.

"Maziwa. Imeandikwa kwenye kopo."

"Mimi maziwa ni ya kwenye chai tu. Glasi nzima siiwezi tangu utotoni."

"Hata mimi," Bibi alisema polepole.

Kiberiti hakuona nafuu. Aliona hasira, kwa siku zote alizolala akijitukana.

Jioni jagi lilimfikia. Alilishika kwa mikono miwili.

"Maliza," kocha alisema.

"Simalizi, kocha. Linaniumiza tumbo."

"Anayemaliza ndiye anayekimbia wa mwisho. Unajua." Alimnyang'anya jagi, akamnyooshea Bibi. "Haya, rudi kwenye nafasi yako."

"Hata mimi siliwezi, kocha. Ndiyo maana niliacha."

Kocha alibaki na jagi lake mkononi, hana wa kumpa. "Kimbieni," alisema hatimaye. "Saa ndiyo itakayosema."

Kiberiti alisimama kwenye mstari akingoja. Viganja vilimtoka jasho, moyo ukampiga mpaka masikioni. Alisikiliza tumboni. Kimya. Bibi alitokea kwenye kona akihema, akanyoosha mkono, na kijiti kikatua kiganjani.

Kiberiti alipovuka mstari, kocha aliitazama saa, akaitikisa, akaitazama tena.

"Umeona?" alisema. "Leo hukuogopa."

Kiberiti alikuwa ameinama, mikono magotini, anatafuta pumzi.

"Nimeogopa mwanzo mpaka mwisho, kocha," alisema. "Ila leo sikuumwa."

Kocha alilichukua jagi, akamwaga lililobaki kwenye majani, akaenda kulisuuza mwenyewe bombani.