Kilio cha Kiti

Kiti alichokiweka Musonda katikati ya galeri yake ya sanaa, mtaani Kampemba, kilikuwa cha Faustin, mwalimu aliyewafundisha kuchora nusu ya wageni wa jioni ile. Asubuhi moja Faustin alipakiwa kwenye gari lisilo na namba, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumtaja. Kumtaja kungekuwa makosa mawili kwa pumzi moja: mtu mwenyewe ametoweka, na jina lenyewe ni la Kizungu, nayo serikali ilikwisha kuyapiga marufuku majina hayo. Bila maiti hakuna matanga, na bila matanga Musonda alikuwa hapati usingizi. Ndipo akaomba ruhusa ya kuonyesha mchezo wa mila, na mazungumzo baadaye. Mila zilikuwa zinapendwa sana na wakubwa siku hizo. Ruhusa ikatoka upesi.

Ruhusa ilikuja na Citoyen Kunda, yaani Raia Kunda, kama wote walivyoamriwa kuitana, mjumbe wa chama, aliyekaa mstari wa mbele na abakosi yake, koti rasmi la chama, imefungwa mpaka kooni. Mchezaji, Mwansa, alitandika mkeka mbele ya kiti, akakibembeleza kionje bukari, ugali wa kwao, akakilaumu kwa kunyamaza, kisha akakililia. Waliokuja kucheka wakajikuta wanauma midomo.

Mazungumzo yakaanza. Profesa mmoja kutoka chuo kikuu cha Kasapa alieleza ukimya wa mbao kwa urefu mpaka mbao zenyewe zikachoka. Alipomeza mate, Kunda akainua mkono.

"Citoyenne Musonda, naona bantu banalia ya kweli. Hii kiti iko ya nani?"

Musonda akayapima majibu mawili. Akisema kweli, atalala alikolala Faustin. Akisema si cha mtu, atakuwa amemkana mwalimu wake mbele ya wanafunzi wake, na hilo aliliogopa zaidi.

Mama Nkandu ndiye aliyeinuka. Huyu alikuwa muuza samaki wakavu wa Pweto, jirani wa Musonda, na kilichomleta kwenye sanaa ni vinywaji vya bure. Ukoo wake ni wa Samaki, wa Kunda ni wa Mamba, na kwao Samaki na Mamba ni watani tangu enzi. Wanazikana na wanatukanana, na anayekasirika ameuaibisha ukoo wake wote. Akaenda akakikalia kile kiti, kama mtani afanyavyo msibani.

"Iko ya nkambo yako, Mamba muzee," akasema, akimzulia Kunda babu. "Alikufa na njaa. Meno ilimuishaka yote, samaki banapita mu kinywa yake banamupa bonjour."

Shingo ya Kunda ikavimba. Akageuka nyuma, akakuta macho ya watu yanamngoja, na kila jicho linaijua sheria ya utani.

"Alikufa juu ya harufu ya samaki ya kwenu," akajibu.

Mtego ukafyatuka. Kwa kujibu utani, amekubali kwamba msiba ni wa kwao. Mama Nkandu akamkemea papo hapo: mfiwa gani anakaa mbele kama bwana harusi? Ashuke mkekani, na watani waletewe pombe. Kunda akashuka, akafungua vifungo viwili, akamtuma shofere wake akalete kreti ya bia. Hivyo Musonda alimlilia Faustin kwa sauti, kwa ruhusa ya chama na kwa bia ya chama, na moyo wake ukatua. Profesa alilia pia, kwa ufupi, jambo lililowashangaza wengi.

Mama Nkandu akampa mfiwa chupa ya kwanza ammwagie marehemu. Kunda aliishika, akaipapasa, asiimwage. Akamwinamia Musonda sikioni.

"Letesha ya frigo," akasema. "Faustin hakukunywaka bia ya moto."

Ilipoletwa ya baridi aliimwaga yote, polepole, kwenye miguu ya kiti. Kisha akafunga vifungo vyake mpaka kooni na kwenda zake.